Mto Uko Wapi? Namna ya Kupiga Picha ya Daraja Lenye Paa



Mwaka jana, msimu wa majani kubadilika rangi, shule yetu ilikwenda Cornish kutazama daraja refu la mbao linalounganisha New Hampshire na Vermont. Tulirudi na picha nyingi kwenye simu. Kesho yake mwanafunzi wetu mmoja alimtumia bibi yake aliyeko Korogwe picha moja aliyoipenda, kisha akampigia. Mama yake ndiye aliyenisimulia mazungumzo yao.

"Nimeiona, mume wangu," bibi alisema. "Umependeza. Hiyo nyumba nyuma yako ni ya nani?"

"Si nyumba, Bibi. Ni daraja."

"Daraja? Lina paa na kuta?"

"Ndiyo."

"Haya. Na mto uko wapi?"

Mtoto akaitazama ile picha. Yeye alikuwa katikati, anacheka, ameinua vidole viwili. Nyuma yake kulikuwa na mlango mkubwa wa mbao na kipande cha paa. Mto haukuwemo. Bibi wa Korogwe anayajua madaraja, maana mto Pangani unapita mjini kwake. Kwa picha ile alikuwa na haki kabisa ya kuuliza.

Nikarudi kwenye picha zangu mwenyewe nikakuta si bora kuliko yake. Nilikuwa na picha zaidi ya 40: watoto wakila, watoto wakirukaruka, basi letu, mimi na walimu wenzangu. Hapakuwa na hata moja ambayo mtu asiyekuwepo angeitazama akaelewa lile daraja limesimamaje. Mwezi huu tunakwenda tena. Safari hii nataka twende na maswali ya bibi mfukoni, na makala hii inaeleza namna ya kuyajibu kwa picha.

Kwanza tulijue daraja lenyewe

Daraja la Cornish–Windsor linavuka mto Connecticut. Upande wa mashariki ni Cornish, New Hampshire, na upande wa magharibi ni Windsor, Vermont. Lilijengwa mwaka 1866 na mafundi wawili, James Tasker na Bela Fletcher, kwa dola 9,000. Ni la nne kujengwa mahali pale. La kwanza lilikuwa la mwaka 1796. Urefu wake ni karibu mita 140, yaani limepita uwanja mzima wa mpira wa miguu. Pamoja na urefu wote huo, katikati ya mto lina nguzo moja tu.

Lilijengwa na kampuni ya watu binafsi, na kila aliyepita alilipa ushuru. Jimbo la New Hampshire lililinunua mwaka 1936, na ushuru ukaondolewa mwaka 1943. Juu ya mlango kuna kibao kinachowaamuru wenye farasi wapite kwa mwendo wa kutembea, la sivyo walipe faini ya dola 2. Farasi wakikimbia, kishindo cha kwato hutikisa mbao na kulegeza maungio. Kwa hiyo faini ile ilikuwa dawa ya daraja.

Kuna jambo jingine litakalowafurahisha watoto. Mpaka wa majimbo haya mawili hauko katikati ya mto. Mwaka 1933 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mto ni wa New Hampshire mpaka pale maji yanapoishia upande wa Vermont wakati yamepungua. Ukitembea kutoka Cornish, basi, uko New Hampshire karibu njia yote, na Vermont unaifikia mwishoni kabisa.

Paa ni la nini?

Mwaka jana mtoto mmoja aliniuliza: "Mwalimu, gari lina paa lake. Daraja limewekewa paa jingine la nini?"

Wengi hudhani ni la kuwakinga watu na theluji. Sivyo. Zamani, wakati wa baridi, watu wa huku walisafiri kwa magari ya kuteleza yaliyovutwa na farasi, na magari hayo yanataka theluji chini yake. Ndani ya daraja hapakuwa na theluji kwa sababu ya paa. Basi ilibidi watu wachote theluji kwa koleo na kuitandaza sakafuni ili wenzao wapite!

Paa ni la kuzikinga boriti. Mbao ikilowa na kukauka, ikilowa tena na kukauka tena, huanza kuoza, hasa kwenye maungio ambako maji hukaa. Daraja la mbao lililoachwa wazi huweza kuchakaa ndani ya miaka 20. Likiwekewa paa na kuta, na likitunzwa, hupita miaka 100. Sisi hili tunalijua kutoka nyumbani: nyumba ya udongo ikiwa na paa zuri huwazika wajukuu, ikivuliwa paa, masika mawili yanatosha kuilaza chini. Daraja linalotambuliwa kuwa la kwanza kufunikwa hivi nchini Marekani lilikuwa Philadelphia, mwaka 1805. Leo Vermont peke yake ina madaraja ya aina hii kama 100, na New Hampshire ina zaidi ya 50.

Nguvu ya daraja iko kwenye mbavu zake mbili. Mbavu za daraja la Cornish–Windsor zinafuata mchoro wa Ithiel Town, msanifu aliyepata hakimiliki yake mwaka 1820. Boriti zinapishana kwa mshazari kama nyuzi za wavu wa samaki, na pale zinapokutana zinafungwa. Ukisukuma sehemu moja ya wavu huo, mzigo unagawanyika kwenda kwenye boriti nyingine nyingi. Town aliuza ruhusa ya kutumia mchoro wake kwa kuhesabu futi za daraja. Ulipendwa kwa sababu mafundi wa kawaida wa kijijini waliweza kuufuata.

Kwa nini picha nzuri ni jambo zito

Tarehe 28 Agosti 2011 dhoruba ya Irene ilipita maeneo haya. Kule Bartonsville, Vermont, mto Williams ulipanda na kuling'oa daraja lenye paa lililojengwa mwaka 1870. Mkazi mmoja alikuwa kando akirekodi. Video yake ilitazamwa na watu wengi sana: daraja linainama, linateleza, kisha linakwenda na maji, paa likiwa bado juu yake. Siku hiyohiyo, jimbo la New York, mto Schoharie ulilichukua daraja la Blenheim la mwaka 1855. Na maji si adui peke yake. Newport, si mbali na Cornish, daraja la Corbin liliteketea kwa moto mwaka 1993.

Madaraja yote matatu yamejengwa upya: la Corbin mwaka 1994, la Bartonsville mwaka 2013, la Blenheim mwaka 2018. Lakini fundi hawezi kurudisha kitu asichojua kilikuwaje. Anahitaji vipimo na michoro, na anahitaji picha. Ndiyo maana serikali ya Marekani ilianza mwaka 1933 mpango wa kupima, kuchora na kupiga picha majengo ya kale, na mwaka 1969 ikaongeza mpango wa kazi za kihandisi kama madaraja. Picha na michoro hiyo iko katika Maktaba ya Bunge la Marekani, na mtu yeyote anaweza kuitazama bure kwenye intaneti. Daraja la Blenheim lilikuwa limeshapigwa picha humo miaka mingi kabla ya mafuriko. La Cornish–Windsor nalo limo. Wazazi, litafuteni na watoto kabla ya safari, mwone wapigapicha wale walisimama wapi.

Mtaona kwamba katika baadhi ya picha zao wameweka kijiti chenye alama za vipimo kando ya jengo. Mimi nilipokiona nilicheka, kwa sababu nesi yeyote anakifahamu. Kazini, tukipiga picha ya kidonda, tunaweka rula ya karatasi pembeni na tarehe juu yake. Hatupigi ili kidonda kipendeze. Tunapiga ili nesi wa zamu nyingine, ambaye hakuwepo, ajue kama kinapungua au kinaongezeka. Picha isiyo na kipimo wala tarehe haimsaidii.

Wengi wetu tuna somo kama hili kutoka nyumbani pia. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, iliporomoka, na watu wawili waliokuwa kazini wakafariki. Fungueni albamu zenu. Waliowahi kufika Zanzibar, wengi wana picha mbele ya jumba lile: sisi tumejaa mbele na miwani ya jua, jumba limebaki nguzo mbili na nusu ya roshani. Tulidhani litakuwepo siku zote, tutakuja kulipiga vizuri siku nyingine.

Maswali sita ya bibi

Kila mwanafunzi apige angalau picha sita. Kila picha ijibu swali moja. Kabla ya kubonyeza, jiulize: "Bibi ataelewa?"

1. Mto uko wapi? Hii ndiyo picha ya kwanza, na inapigwa kutoka mbali. Simama upande wa New Hampshire, pembeni ya barabara mahali pa kuegesha magari, upate daraja kwa mshazari. Fremu iwe na kingo mbili za mto, maji, na daraja kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukiwa kaskazini ya daraja utauona pia mlima Ascutney nyuma yake. Ulaze mkono wako uupige kwa simu ikiwa ya mlalo, maana daraja ni refu na fremu iliyosimama italikata.

Angalia jua liko wapi. Asubuhi jua linatoka nyuma ya mgongo wako ukitazama Vermont, kwa hiyo linaumulika mlima na mlango wa Cornish. Jioni linashuka upande wa mlima, na daraja litatoka jeusi kama kivuli. Siku ya mawingu si siku mbaya: mwanga unakuwa sawa pande zote na mbao zinaonekana vizuri. Na kama hakuna upepo asubuhi, maji yanatulia na utapata daraja mara mbili, moja juu na jingine ndani ya maji.

2. Ni kubwa kiasi gani? Weka kitu ambacho bibi anakijua ukubwa wake. Mtu mzima asimame kando ya mlango, nje ya njia ya magari, huku wewe umerudi nyuma mpaka umwone yeye mzima na mlango mzima. Andika urefu wa mtu huyo. Huyo ndiye rula yetu.

3. Limesimama juu ya nini? Piga nguzo ya katikati ya mto. Piga pale daraja linapokaa ukingoni. Hapa usivute picha karibu kwa vidole mpaka ipoteze ukali. Afadhali utafute mahali salama pa kusogea, au uipige ilivyo.

4. Ubavu umefungwaje? Hii ni picha ya ndani. Kwa sababu ndani ya daraja la Cornish–Windsor magari yanapita muda wote, picha hii hatutaipiga pale. Tutaipiga kwenye daraja la Blacksmith Shop, hukohuko Cornish, ambalo James Tasker alilijenga mwaka 1881 na ambalo magari hayapiti tena. Ni dogo, na ubavu wake ni wa aina nyingine. Badala ya wavu, utaona nguzo zilizosimama wima, na kati yake boriti zilizoegemea kuelekea katikati ya daraja. Aliyewahi kuona mafundi wa nyumbani wakipandisha kenchi za paa ataitambua kazi hii mara moja. Piga ubavu mzima kwanza, kisha sogea upige ungio moja peke yake, halafu weka kiganja chako pembeni ya ungio na upige tena. Kiganja nacho ni rula.

5. Limetibiwa wapi? Daraja la kale lina makovu. Tafuta mbao yenye rangi tofauti na wenzake, chuma kilichoongezwa, mahali palipogongwa na gari, mahali pa kuoza. Daraja la Cornish–Windsor lilifungwa mwaka 1987, likafanyiwa matengenezo makubwa na kufunguliwa tena mwaka 1989, kwa hiyo si kila boriti ni ya mwaka 1866. Watu hupenda kuzificha sehemu hizi ili picha ipendeze. Sisi tuzitafute. Miaka 20 ijayo mtu akitaka kujua uozo ulianzia wapi, picha hii ndiyo itakayomjibu.

6. Nani alikuwepo? Sasa chekeni, inueni vidole. Msije mkadhani nawakataza kujipiga. Neno la kwanza la bibi lilikuwa "umependeza", kwa hiyo mjukuu anatakiwa awemo. Ila simama upande mmoja wa fremu, si katikati, na mpigaji aliinamishe au alisogeze jicho la simu mpaka mto uingie. Mtu na daraja wanaweza kukaa pamoja katika picha moja bila kunyimana nafasi.

Shida ya giza la ndani

Waliojaribu mwaka jana wanakumbuka: ndani ya daraja kuna giza, na mlangoni kuna mwanga mkali. Simu haiwezi kuridhisha pande zote mbili kwa mara moja. Ama mbao zinatoka nyeusi, ama mlango unatoka mweupe kabisa. Fanya hivi:

Gusa kioo cha simu kwenye mbao zenye giza. Simu itaongeza mwanga hapo, na mlango uache uwe mweupe. Halafu piga picha ya pili kwa kugusa mlango, ili uone nje. Picha mbili, kila moja na kazi yake.

Elekeza simu ubavuni badala ya mlangoni. Ukiupa mlango mgongo, mwanga wake unakusaidia.

Egemeza mkono au simu kwenye boriti, shusha pumzi, kisha bonyeza. Gizani simu huchukua muda mrefu zaidi kukusanya mwanga, na mkono ukitikisika kidogo tu picha inakuwa na ukungu.

Zima flashi. Inafika hatua chache tu, inaunguza mbao za karibu kwa weupe na kuacha za mbali gizani.

Futa lenzi kwa kitambaa safi kabla ya yote. Simu zilizokaa mfukoni na vitumbua huwa na mafuta, na mafuta hayo hugeuza kila mwanga kuwa ukungu.

Shika simu wima sawasawa. Ukiielekeza juu, kuta zitaonekana zinaangukiana. Kama jengo haliingii lote, rudi nyuma badala ya kuinamisha simu.

Na wale mtakaorudi na familia zenu wakati wa theluji: simu ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza, theluji ikatoka ya kijivu. Ongeza mwanga kidogo kwa mkono wako mpaka theluji iwe nyeupe kama unavyoiona.

Usalama, na hapa naongea kama nesi

Hakuna picha inayostahili kiungo cha mtoto. Ndani na milangoni mwa daraja la Cornish–Windsor magari yanatoka kwenye mwanga mkali na kuingia gizani, na dereva kwa muda mfupi haoni vizuri. Mtoto asisimame njiani hata sekunde moja. Kila kundi la watoto wanne litakuwa na mzazi mmoja ambaye hapigi picha. Kazi yake ni kuangalia magari na maji.

Tusishuke kwenye kingo zenye utelezi, na tusiingie mashamba ya watu bila ruhusa. Hakuna sigara wala kiberiti karibu na daraja. Kumbukeni la Corbin. Tusichonge majina kwenye mbao.

Mwisho, kupe. Majani ya huku yana kupe wadogo sana wanaoweza kuleta ugonjwa wa Lyme. Vaeni suruali ndefu na soksi. Mkirudi nyumbani, wazazi wakague watoto nyuma ya magoti, kwapani, kiunoni na kwenye nywele. Mkimkuta kupe ameng'ata, mng'oeni kwa kibano kidogo mkimshika karibu kabisa na ngozi, vuteni polepole moja kwa moja, oshani mahali pale kwa sabuni, na andikeni tarehe. Akipata homa au wekundu unaotanuka katika wiki zinazofuata, mpelekeni kwa daktari na mmwambie habari ya kupe.

Picha isiyo na maneno ni nusu

Kila picha iandikwe maelezo kwa Kiswahili siku hiyohiyo, kabla hamjasahau. Maelezo yawe na mambo matano: ni kitu gani, kiko wapi, umesimama wapi ukitazama upande gani, tarehe na saa, na jina la aliyepiga.

Maelezo dhaifu ni kama haya: "Daraja zuri."

Maelezo yenye kufaa ni kama haya: "Daraja la Cornish–Windsor linalovuka mto Connecticut. Nimesimama Cornish, kaskazini ya daraja, natazama Vermont. Mlima nyuma ni Ascutney. Nguzo ya katikati inaonekana. Saa nne asubuhi." Kisha tarehe na jina lako.

Angalieni hiyo "saa nne asubuhi". Tunaandika saa za Kiswahili, maana bibi atasoma.

Haya ni baadhi ya maneno mtakayoyahitaji. Wazazi, yatumieni njiani ndani ya gari:

Boriti: gogo au mbao nene inayobeba uzito wa jengo.

Kenchi: mbao zilizounganishwa kwa pembetatu ili kubeba paa.

Ungio (wingi: maungio): mahali mbao mbili zinapokutana na kufungwa.

Kigingi: kipande cha mti kilichochongwa na kupigiliwa kwenye tundu ili kushikilia mbao, kama msumari wa mti.

Ukingo (wingi: kingo): upande wa mto, pale nchi kavu inapokutana na maji.

Mshazari: kwa kuegemea upande, si wima wala si mlalo.

Ushuru: fedha inayolipwa ili kupita.

Baada ya safari

Jumamosi inayofuata kila mwanafunzi alete picha sita na maelezo yake. Tutazichapisha kwenye karatasi na kuzibandika ukutani. Msifute zile za asili kwenye simu. Wazazi wazihifadhi na mahali pa pili, kwa sababu simu huanguka kwenye maji kama madaraja.

Kisha kila mtoto atume picha zake kwa mtu mmoja ambaye hajawahi kuona daraja lenye paa: bibi, babu, shangazi, mjomba, popote alipo, Korogwe au Bukavu, Mombasa au Maskati. Atume picha na maelezo, asiongeze neno. Siku ya pili ndipo ampigie simu na kuuliza: "Umeelewa nini?" Lile ambalo mtu huyo hakulielewa liandikwe kwenye daftari. Hilo ndilo tutakalorudi kulipiga vizuri zaidi.

Mwanafunzi wetu wa mwaka jana ameshaniambia kwamba yeye ataanza na mto. Bibi yake amemkumbusha mara mbili.

Tukutane Jumamosi, na simu zilizojaa chaji.